Gauni la Mwanamke wa Shaba

Mgiriki mwenye shamba la mkonge alipofungasha virago kurudi kwao, alimwachia mpishi wake Leonadi saa ya mezani. Saa yenyewe, bwana wee, ilikuwa na mambo: mwanamke wa shaba kaiegemea, shuka limemteleza hadi kiunoni, kifua wazi, wala hana habari. Restuta, mke wa Leonadi, alishika mdomo.

"Huyu hakai uchi nyumbani kwangu!"

Akakata pindo la kanga yake ya harusi, akamshonea gauni.

Miaka ikaenda. Saa ikafa, na Restuta naye akafa. Siku ya kuvunja matanga ndugu waligawana nguo zake zote, kama ilivyo desturi, mpaka kilemba. Gauni la sanamu hakuna aliyelikumbuka. Leonadi akawa analishika kila asubuhi, anamsalimia mkewe. Hata kiharusi kilipomlaza na kumfunga ulimi, alilitazama kutoka kitandani, na moyo ukatulia.

Ndipo zikaja enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa. Soko la pale Mtama likajaa saa za plastiki, na wanunuzi wa vitu vya kale wakaanza kubisha hodi kutoka Dar. Stephano, mwanawe, akamleta mmoja. Si mtoto mbaya Stephano. Aliona tu saa mbovu inakula vumbi.

"Shikamoo mzee," mnunuzi alisema, asingoje marahaba. Akaigeuza saa huku na huku. "Sasa hili tambara la nini? Wazungu wanataka umbo, bwana!"

Akafumua mshono, akalitupa gauni sakafuni.

Leonadi alipiga ukelele: Restuta! Kilichotoka ni "aaa" na mate.

"Maskini, baba anaiaga saa yake," alisema Lightness, mke wa Stephano, kwa huruma ya kweli. Akaokota kitambaa, akafutia vumbi saa mpya ya ukutani aliyomnunulia mkwewe, akaondoka nacho kwenda jikoni kuepulia uji. Leonadi alikifuata kwa macho mpaka mlangoni. Shingo ilikataa kugeuka zaidi.

Mnunuzi alikwisha ondoka na mzigo wake. Punde harufu ya nguo inayoungua ikaingia chumbani.

"Aaa," alisema Leonadi, machozi yakimtiririkia masikioni. "Aaa!"

Stephano akainama karibu, akamsikiliza kwa makini. Kisha akatazama ukutani, akatabasamu.

"Saa nne na robo, baba."

Na kwa kuwa mzee hakunyamaza, akarudia kwa sauti kubwa zaidi.