Mlango wa Nyumba Namba Kumi na Nne

Asubuhi hiyo Mauza alivalishwa kanga mpya, akaambiwa atabasamu. Wageni kumi na wawili kutoka maofisi ya Posta, katikati ya jiji, walikuwa wamejaa barazani kwake, na hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

"Shikamoo, bibi," alisema Habib, msimamizi wa mradi wa kuligeuza eneo hilo kuwa la utalii. "Tunalizunguka bwawa, tunarudi hapa hapa. Wasomee historia kama ilivyo kwenye karatasi. Ukisoma vizuri, suala la nyumba yako tutaliangalia."

"Marahaba. Mnaliangalia tangu mwaka jana. Macho hayajawauma?"

Wageni walicheka. Habib hakucheka.

Bwawa hilo la Gerezani lilichimbwa zamani ili treni za mvuke zipate maji, na kando yake zikajengwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Sasa limezungushiwa njia ya matofali na mabenchi ya kupigia picha. Majirani wote wameshahamishwa. Amebaki yeye tu, mjane wa fundi Idrisa, miaka arobaini na moja ndani ya namba kumi na nne.

Kwenye kituo cha kwanza cha matembezi alifungua karatasi. *Wakazi waliondoka kwa hiari yao.* Hiari! Akaikunja, akaitia kifuani.

"Hapa alikaa Jovitha," alisema. "Mgambo walimtoa wali ukiwa jikoni. Ukaungua. Haya, twendeni."

"Bibi, soma," Habib alinong'ona.

"Miwani nimeiacha ndani, mwanangu."

Miwani ilikuwa usoni.

Kila kituo alitaja jina. Bushiri, aliyekwenda kufia Buguruni kwenye chumba cha kupanga. Severa, ambaye mpaka leo hajulikani alipo. Sauti ilimpanda, alikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza mwaka ule alijisikia mzima. Mgeni mmoja aliuliza kama bwawani kuna samaki. Habib alijitenga pembeni, akapiga simu. "Ung'oeni sasa hivi," alisema.

Waliporudi walikoanzia, nyumba ilikuwa wazi. Mlango wa mninga, alioutengeneza marehemu Idrisa kwa mikono yake, ulikuwa umeegemezwa ukutani barazani, kando tu ya uwazi wake, na juu yake kibao: MLANGO WA ASILI. USIGUSE. Rangi ya kibao ilikuwa imekauka siku nyingi.

Mauza aliusogelea mlango. Kisha akatoa ufunguo, akauchomeka kwenye kitasa na kuuzungusha. Ulizunguka vizuri kama siku zote.

"Karibuni ndani," Habib aliwaambia watu wake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mauza alimpita, akasimama kwenye uwazi wa mlango, mikono ameitanua.

"Piga hodi."

"Bibi, mlango haupo."

"Mimi nipo. Piga hodi!"

Habib aliwapungia mkono mgambo wawili waliong'oa mlango. Wakapanda barazani na viatu vyao. Wageni waliinua simu kupiga picha.

"Samahani, bibi," mgeni mmoja alisema kwa upole, "sogeza mkono kidogo. Unaziba kibao."