Jino Limeamkaje?

Tangu tumzike mume wangu, kitu pekee kilichoniuma kilikuwa jino. Kulia sikulia. Sindano ya cherehani iliwahi kunipenya kidole, nikaiona damu kwenye gauni la mteja kabla sijasikia chochote. Lakini gego la chini halikunisahau alfajiri hata moja. Ndilo alilokuwa akiliulizia marehemu kabla hata ya salamu: "Jino limeamkaje?"

Kwa hiyo wifi yangu, dada yake, aliponiburuta kwa daktari wa meno, nilikwenda shingo upande.

Daktari alikuwa binti mpole, mwenye maneno kuliko kinyozi. "Nitakupiga ganzi, mama. Halafu natoboa jino kwa juu, natoa mshipa wa fahamu, nasafisha mizizi, najaza dawa, naziba. Ukisikia maumivu, inua mkono."

"Halitauma tena?"

"Leo jioni huenda likakusumbua kidogo. Baada ya hapo utatafuna hata mifupa. Mshipa ukishatoka, jino halina habari."

Halina habari, kama mimi. Nikataka kushuka kitini. Niliogopa, si sindano, bali huo ukimya utakaobaki.

Wifi akanibana bega. "Maji umeshayavulia nguo, wifi yangu. Yaoge."

Shavu likawa la mtu mwingine. Mashine ikalia, kisha vile visindano vyembamba vikawa vinaingia na kutoka mizizini, nami naitazama taa. Hili nalo linaondoka, nikawaza. Mkono sikuinua. Ningeuinua kwa lipi?

Jioni ganzi ilipoisha, maumivu yakarudi kidogo, nikayapokea kama mgeni. Wifi akanipa kidonge. Nikakifumbata kiganjani, nikanywa maji matupu. Akalala kwangu, eti nisije nikavimba peke yangu.

Asubuhi nililigusa jino kwa ulimi. Lilikuwa limenyamaza. Nikaketi kitandani nikiukodolea macho ukuta, sina hamu ya chai wala ya cherehani.

Mlango ukafunguliwa. Wifi alisimama pale na kikombe, nywele timutimu, sauti nzito ya usingizi, ileile ya kaka yake.

"Jino limeamkaje?"

Nilitaka kumjibu, kilio kikanitangulia. Nikainua mkono.