Uliza Kabla ya Kufuta

Usiku wa jana niliota naingia ofisini, nikakuta folda za kompyuta yangu zimekuwa vyumba. Sikushtuka. Mimi ni katibu muhtasi mwaka wa kumi na tisa huu, na kompyuta yangu naipangilia mwenyewe.

Ndani, ukoo mzima umejipanga kwa ukubwa, kama nilivyoagiza mafaili. Shangazi Eufrasia ndiye wa kwanza, amenuna.

"Ungetupanga kwa majina ungekufa?" ananiuliza.

Namtafuta dada yangu Skola. Hayupo. Jioni tuligombana kwenye simu, tukigombea cherehani ya marehemu mama. Nilimwambia, "Kuanzia leo sina dada," nikafuta namba yake.

"Kafutwa," inasema sauti nyuma ya pazia.

Nafunua. Ni faili la mipangilio, jembamba, lina miwani, linakunywa chai ya rangi. Ndilo linalotunza matakwa yangu yote, na sijawahi hata kulijulia hali.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Yuko kwenye pipa la taka. Linamwagwa sasa hivi."

"Mbona hukuniuliza kwanza?"

Linafungua kurasa zake, linasoma: "'Uliza kabla ya kufuta: hapana.' Nani aliandika?"

Mimi. Maswali ya nini? Nikifuta, nimefuta. Looh, niliona aibu!

Nachungulia pipa, na sasa ni kisima kirefu. Chini kabisa Skola amekalia barua za mwaka juzi, anashona.

"Perpetua, umekuja kunitoa au kuhakikisha?"

"Kukutoa, dada!"

"Basi fanya haraka. Miguu imeshaanza kufutika."

Kweli, vidole havipo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Narudi mbio. "Andika 'ndiyo'!" nalifokea faili.

"Andika mwenyewe, mwenye ruhusa ni wewe."

Naandika NDIYO, kubwa.

"Sasa toka, uingie upya, ndipo itafanya kazi."

Nikatoka mlangoni, nikaamka kitandani. Kumekucha na simu inaita. Namba haina jina, ila naijua kwa kichwa.

"We Perpetua, una wazimu?" Skola amewaka. "Tangu alfajiri unanitumia ujumbe ule ule, mara saba! 'Una uhakika unataka kumfuta dada yako?' Mimi nijibu nini?"

Simu sikuwa nimeigusa tangu jioni.

"Shikamoo, dada," nikasema, machozi yananitoka. "Jibu hapana. Zote saba, jibu hapana, halafu uje uchukue cherehani."