Kidole cha Kuazima

Siku duka la kampuni lilipokataa pesa, Nyakio alikuwa mbele ya Jepleting kwenye foleni, noti ya mia mbili ameikunja mara nne ndani ya kiganja kama ilivyokuwa desturi yake. Aliweka unga, chumvi na kipande cha sabuni mezani, akaikunjua ile noti, akailaza juu ya unga. Tabby, msichana wa kaunta, hakuigusa.

"Mathe, hii imeisha," akasema. "Kuanzia leo ni kadi tu."

"Imeisha aje? Si ni pesa ya Kenya?"

"Ni ya Kenya. Lakini hapa si Kenya, hapa ni kwa kampuni."

Foleni ikacheka. Nyakio naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kisha akaichukua noti yake, akaukumbatia unga na kuurudisha kwenye rafu mwenyewe.

Jepleting alikuwa na miezi mitatu tu katika shamba lile la waridi, kusini mwa Ziwa Naivasha. Alitoka Keringet mwaka ambao viazi vya baba yake vilioza ardhini, akamwacha mtoto wake wa miaka minne, Chepkemoi, kwa mama yake. Hakuwa amewahi kushika ua la kuuzwa. Nyakio, ambaye alikuwa amesimama kwenye meza ya kupanga maua kwa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyempokea na kumfundisha: kung'oa majani na miiba, kupima urefu wa shina, kufunga ishirini ishirini, kutumbukiza kwenye ndoo ya dawa. Kampuni ilitoa glavu. Lakini glavu nene haiwezi kutofautisha ua gumu na ua lililolegea, na tageti, idadi ya mafungu unayotakiwa kumaliza kwa saa, haimsubiri mtu. Kwa hiyo Nyakio alizikata ncha za glavu zake kwa makasi, na siku ya pili akamkatia Jepleting zake.

"Ua linasomwa kwa kidole, mami," alimwambia. "Macho yanadanganya."

Jioni alimpa jiwe la kijivu, jepesi kama mkate uliokauka, yale yanayookotwa upande wa mlima Longonot na ambayo ukiyatupa majini yanaelea. "Sugua utomvu utoke. Ila usizidishe. Hilo jiwe linakula."

Wiki ile ya kadi, Wanyoike wa ofisi ya mishahara alikuja kwenye ghala la maua na kompyuta yake na kimashine chenye taa. Mshahara wote sasa ungeingia kwenye kadi ya kijani. Ukitaka kununua dukani, au kutoa pesa kwenye dirisha la ofisi, unaweka kadi, halafu unaweka kidole gumba. Namba ya siri hawakuitaka. Walisema namba huibwa, kidole hakiibwi.

Nyakio aliweka kidole gumba cha kulia. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka cha kushoto, kisha vingine vyote, kimoja kimoja. Akavifuta kwa leso, akapaka mafuta, akajaribu upya. Nyekundu. Wanyoike akamshika mkono, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa laini na kung'aa kama mgongo wa kijiko cha zamani.

"Mathe, wewe huna vidole."

"Nilizaliwa nazo kumi, boss."

"Ulizaliwa nazo. Miiba imezimaliza."

Nyuma yao kulikuwa na watu wapatao mia, na ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Asiyeandikishwa siku ile hangelipwa mwezi ule. Nyakio alisimama pale akivitazama vidole vyake kama mtu anayetazama watoto waliomwaibisha mbele ya wageni. Wanyoike akatupa jicho kwenye foleni, akashusha sauti.

"Si uko na msichana wako hapo? Aweke chake. Mashine haijui jina ya mtu."

Jepleting hakusita. Akampa Nyakio kidole gumba cha kulia, na yeye mwenyewe akajiandikisha kwa cha kushoto. Taa ikawa kijani mara mbili. Wakaenda zao wakicheka, wameshikana mikono.

Tangu hapo walinunua pamoja kila Jumamosi. Ukawa mzaha wa foleni nzima. "Nyakio, leo umekuja na kidole chako?" Tabby aliuliza, na Nyakio akajibu, "Kiko huko nyuma kinachagua sabuni." Jepleting alikuja mbio, akabonyeza, unga ukatoka. Hakuna aliyeona ubaya. Na kila Jumamosi Nyakio alinunua pakiti moja ya sukari zaidi, akaisukuma upande wa Jepleting.

"Ya Chepkemoi," alisema. "Mwambie ni ya cucu, bibi yake wa Naivasha."

Mwisho wa Novemba, miezi tisa baada ya kadi kuja, Nyakio alikuwa astaafu. Kiinua mgongo chake, laki tatu na kidogo, kingeingia kwenye kadi Ijumaa ya mwisho. Alikuwa ameshalipia nusu ya kiploti Mai Mahiu, chini ya mteremko, mahali penye mawe na upepo lakini pake. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno machache: nusu iliyobaki ifike kabla ya Jumanne tarehe thelathini, la sivyo ardhi inakwenda kwa mwingine na kilicholipwa hakirudi. Nyakio alikuwa ametia sahihi bila wasiwasi, kwani pesa si zilikuwa zinakuja?

Ijumaa hiyo walikwenda pamoja kwenye dirisha la ofisi. Nyakio alikuwa amevaa sweta la kanisani. Wanyoike akaingiza kadi, Jepleting akabonyeza.

Nyekundu.

Akafuta kidole kwenye sketi, akabonyeza tena. Nyekundu. Akakipulizia pumzi ya moto, akabonyeza mara ya tatu kwa nguvu, na ile mashine ikalia mlio mrefu. Jepleting akakigeuza kidole chake. Alikuwa akikiona kila siku bila kukiangalia. Katikati, pale panapokutana na mwiba, mistari ilikuwa imefifia. Mwaka mmoja tu wa kazi.

"Kadi imejifunga," Wanyoike akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha. "Hiyo sasa ni ya Madam Sue."

Madam Sue, meneja wa wafanyakazi, alimwita Nyakio peke yake. Kesho yake asubuhi akawakusanya wote mbele ya ghala. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayesoma ratiba.

"Kuna kadi hapa ambayo kidole chake si cha mwenye kadi. Wakaguzi wanaita hiyo mfanyakazi hewa. Nyakio amekubali kidole si chake, lakini amekataa kusema ni cha nani. Anasema ni Wanyoike alimwambia afanye hivyo. Wanyoike?"

"Mimi siwezi ambia mtu kitu kama hicho, madam," akasema Wanyoike.

"Basi mwenye kidole ajitokeze Jumatatu. Akijitokeza na kidole kilingane kwa mashine yangu, ambayo inasoma hata mistari iliyofifia, nitajua ni mtu wa kweli alisaidiwa, na Nyakio atalipwa siku hiyo hiyo. Mwenye kidole ataenda nyumbani, kwa sababu hiyo ni sheria. Asipojitokeza, Nyakio hana pesa hapa. Rudini kazini."

Watu mia walijua. Tabby alijua. Wakarudi kazini, na siku nzima hakuna aliyefanya mzaha wala aliyemtazama Jepleting usoni.

Jioni Nyakio alikuja chumbani kwake na sufuria ya githeri. Walikula kijiko kwa kijiko.

"Sikusema jina," akasema Nyakio mwishowe. "Na sitasema. Mimi nina miaka hamsini na minane, wewe uko na mtoto. Hilo ni lako kusema."

"Nitasema, mathe. Jumatatu nitasema."

Nyakio akapumua. Uso wake wote ukalegea, na Jepleting akaona jinsi alivyokuwa ameogopa. "Ukifukuzwa, mje kwangu, wewe na Chepkemoi. Nyumba itakuwa ya mabati lakini nitaweka vyumba viwili. Nilikuwa nimefikiria viwili hata kabla ya haya."

Jumapili Jepleting alifua. Mama yake alipiga simu kutoka Keringet wakati ameinamia beseni. Mtoto alitaka kujua kama viatu vya Krismasi alivyoahidiwa vitakuwa na kamba au bila kamba. Jepleting akasema bila kamba, kwa kuwa mtoto hajui kufunga. Alipokata simu alikaa akitazama mikono yake ndani ya maji. Ni kweli alikusudia kusema. Hata alikuwa ametayarisha maneno: ni mimi, madam, nilimsaidia kwa sababu alinisaidia. Yalikuwa maneno mazuri.

Jiwe la kijivu lilikuwa linaelea katikati ya povu. Akalichukua kusugua utomvu, kama kila Jumapili. Akasugua kiganja, akasugua vidole, akafika kwenye kidole gumba cha kulia. Utomvu ukatoka, naye akaendelea. Alijiambia anasafisha. Maji yalipobadilika rangi kidogo, kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi, alijua kwamba hasafishi, na hakuacha. Alisugua mpaka kikawa laini kabisa, mpaka hewa yenyewe ikawa inamchoma.

Jumatatu hakuna aliyejitokeza, kwa hiyo wafanyakazi waliingia ofisini mmoja mmoja kupimwa kidole. Nyakio alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba magotini, amevaa tena lile sweta la kanisani. Jepleting alipoingia, Nyakio alisogea mbele kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kwenye zahanati baada ya kungoja tangu alfajiri.

"Kulia," akasema Wanyoike, bila kuinua macho.

Jepleting akaweka. Nyekundu. Mara nyingine, nyekundu.

Madam Sue akainama kutazama. "Hii ni nini?"

"Ni kazi, madam. Ni miiba."

"Mashine haimjui huyu," akasema Wanyoike haraka, na Jepleting akasikia nafuu katika sauti yake. Kosa lao lilikuwa moja, na sasa walikuwa wanalizika pamoja.

Madam Sue akakaa. Pengine alishuku kitu. Alikuwa mtu wa kuuliza swali mara moja tu.

"Jepleting, unajua chochote kuhusu kidole cha huyu mama?"

Chumba kilikuwa kidogo. Jepleting aliona viatu vya Nyakio vilivyopigwa rangi, aliona shanga moja iliyokosekana kwenye mkoba. Maneno yake mazuri yalikuwa hapo hapo mdomoni. Ingetosha kusema mawili tu kati yake: ni mimi.

"Hapana, madam."

Hakuna kitu kilichotokea. Saa ya ukutani iliendelea. Nyakio alikuwa anatazama kile kidole gumba, ngozi yake nyekundu na mbichi, na tone dogo likijikusanya kwenye ukingo wa ukucha. Aliyajua majeraha ya miiba kuliko mtu yeyote katika shamba lile. Mwiba hukwaruza au hutoboa, hausugui. Alikitazama kwa muda mrefu. Aliponyanyua macho hayakuwa na hasira, na Jepleting angetoa mshahara wa mwaka ili yawe na hasira.

"Madam," akasema Nyakio, "mpe huyu msichana plasta. Atachafua maua."

Siku ya pili, Jumanne, tarehe thelathini, kiploti cha Mai Mahiu kilikwenda kwa mtu wa malori. Nyakio alitoka langoni na godoro, sufuria mbili na noti chache zilizokunjwa mara nne, na mlinzi akampekua kama anavyowapekua wote. Krismasi Chepkemoi alivaa viatu visivyo na kamba.

Mwezi wa pili kulikuwa na mwanamke anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari nje ya lango, kwenye beseni la bluu. Jepleting alimkwepa wiki nzima kwa kutokea lango la nyuma. Siku moja lango la nyuma lilifungwa, naye hakuwa amekula tangu asubuhi, kwa sababu mashine ya duka iliharibika na Tabby aliwarudisha wote. Akajikuta amesimama mbele ya beseni.

"Habari, mathe."

"Salama. Mangapi?"

"Moja. Lakini sina pesa mkononi. Ziko kwa kadi."

"Mimi sina mashine," akasema Nyakio.

Akaweka kisu chini. Akanyoosha mkono wake, akaushika mkono wa kulia wa Jepleting, akaugeuza kwenye jua kama Wanyoike alivyougeuza wake siku ile. Ngozi ilikuwa imepona. Mistari ilikuwa imeota tena, myembamba na mingi, imezungukana kama matuta ya viazi kwenye mlima wa Keringet.

"Kimerudi," akasema Nyakio.

"Kimerudi."

"Vyangu havikurudi."

Alisema bila kupaza sauti, kisha akauachilia ule mkono taratibu, akachukua yai, akalipasua mara mbili na kujaza kachumbari. Jepleting akanyoosha mkono kulipokea. Lakini Nyakio alikuwa anamwangalia mtu aliyesimama nyuma yake, kijana wa kunyunyizia dawa, aliyeshika sarafu ya ishirini na ya kumi.

"Songa kando, mami," akasema. "Kuna watu wanataka kulipa."