Glasi Mbili za Bia ya Fundi

Mimi sinywi bia. Naanza na hilo ili asije mtu akasema niliegemea upande kwa sababu ya ulevi. Kazi yangu kwenye kiwanda chetu kidogo ni kubandika lebo kwenye chupa, na lebo zetu zina maneno BIA YA FUNDI yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina lenyewe la bia. Maneno hayo ndiyo yaliyotuletea Bwana Mkoba.

Kukiita kiwanda ni kukiheshimu tu. Ni karakana iliyokuwa ya seremala, ndani yake mna masufuria makubwa ya kuchemshia, matangi ya kuchachulia, na pipa la chuma la kukaangia kimea ambalo mume wangu na dada yake waliachiwa na mama yao. Dada mtu, yaani wifi yangu, ndiye fundi. Anachagua shayiri, anaiotesha mpaka iwe kimea, anaikaanga huku akilizungusha pipa kwa mkono wake, anaichemsha, anatia hamira, kisha anaisubiri. Mume wangu anafanya yote yanayohitaji mgongo, na mgongo ulikuwa umeanza kugoma. Kila asubuhi alikaa kwanza ukingoni mwa kitanda akikusanya nguvu, ndipo nimvute mikono asimame. Nilipomwomba wifi apunguze upishi, alisema wateja wameongezeka na mteja hafukuzwi. Nilimeza hasira, kwa kuwa wifi akikasirika hata chupa hutulia rafuni.

Kwa hiyo Bwana Mkoba alipokuja kutoka kampuni kubwa ya bia, nilimpokea kwa mikono miwili. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuuweka chini mkoba wake hata alipokuwa akinywa soda. Kampuni ilitaka kununua kila kitu. Wifi angeendelea kupika, ila kwenye kiwanda chao na akiwa na koti jeupe. Mume wangu angekaa ofisini, magunia yangebebwa na mashine. Mimi nilishaanza kuiona ile ofisi, na kiti chenye egemeo.

Kikwazo kilikuwa maneno ya kwenye lebo. Chama cha wapika bia wadogo, ambacho sisi ni wanachama wake, kina kanuni yake: bia ya fundi ni ile inayopikwa kidogo kidogo, na mpishi awe ndiye mwenye kiwanda, pasiwe na kampuni kubwa iliyojificha nyuma yake. Ukishauza, maneno unayafuta.

"Kanuni ni za chama," alisema Bwana Mkoba. "Mnywaji hazisomi. Kwake yeye bia ya fundi ni ladha, basi. Ladha tutaibakiza, na maneno yatabaki."

"Mnywaji gani?" wifi akamkata. "Kuna anayenunua kwa sababu ya picha ya kwenye chupa. Kuna anayenunua ili aonekane na watu. Juzi mmoja kaniuliza kama fundi wetu anaziba na mabomba. Hao ndio wanifundishe maana ya kazi yangu?"

"Kwangu mimi bia ya fundi ni ile inayonivunja mgongo," alisema mume wangu. Tukacheka wote, ila mimi sikucheka sana.

Bwana Mkoba akatoa la moyoni. Kwa yale maelekezo tuliyoipa kampuni wakati wa mazungumzo, wapishi wao walikuwa wameshaipika bia yetu. "Na nikwambie, fundi, hata wewe hutaitofautisha."

"Ilete hapa," alisema wifi. "Siku nitakayoshindwa kuijua bia yangu, siku hiyohiyo nasaini."

Mdomo huponza kichwa. Mimi niliomba kimoyomoyo ashindwe.

Tulikutana sebuleni kwetu, madirisha wazi. Kwa kuwa sinywi, nilikabidhiwa kazi ya kumimina. Nikaingia jikoni na chupa mbili, moja yetu na moja yao, nikatafuta glasi zinazofanana. Chini ya glasi yenye bia yetu nikabandika kipande cha lebo, nikazileta kwenye sinia. Rangi ilikuwa moja, povu moja. Kama si kile kipande, hata mimi ningepotea.

Wifi alionja ya kwanza, akasukutua kwa maji, akaonja ya pili. Akarudia. Kisha akaisukuma mbali ile ya pili.

"Hii wameiunguza," alisema. "Kimea kimeshika moto, halafu wakaona uchungu kukimwaga. Mwanzo inakudanganya, mwishoni inakuachia majivu. Aliyepika hii hakuwa na habari na kazi yake, alikuwa anatazama saa." Akainua ile ya kwanza. "Yangu hii hapa. Safi tangu mwanzo mpaka mwisho. Bwana, mashine zenu zimewaaibisha."

Nyani haoni kundule. Nilifurahi na kuona aibu kwa mpigo mmoja, maana glasi aliyoitukana ndiyo niliyoibandika lebo. Niliipindua kidogo wote waone. Wifi akainyakua, akakichungulia kile kipande, akakikwaruza kwa ukucha kama vile kingebadilika.

Bwana Mkoba hakumcheka, hilo nampa sifa yake. Kwa mara ya kwanza aliuweka mkoba chini, akautoa mkataba. Palihitajika saini mbili, ya dada na ya kaka, kwa kuwa mali ilikuwa ya mama yao.

"Nimesema, nimesema," alisema wifi, akasaini. Uso wake ulikuwa umemshuka, na pamoja na furaha yangu yote, nilimhurumia.

Kalamu ikamfikia mume wangu. Yeye alikuwa ameichukua ile glasi iliyotukanwa na alikuwa akiinywa taratibu. Aliimaliza yote, akaiweka mezani.

"Mimi sisaini."

"Unasemaje?" nilimuuliza. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Ile nyingine ni nzuri, lakini si yetu. Yetu ni hii yenye kuungua kidogo mwishoni. Lile pipa la mama limebonyea upande mmoja, kimea kikifika pale kinashika. Kuna siku kinashika zaidi, kuna siku kidogo. Mimi nikionja najua ni upishi upi."

Wifi alimgeukia. "Kaka, mimi kutwa nzima nimo ndani ya moshi, nikionja pale karakanani hicho kitu sikisikii. Wewe umekijua miaka yote, hujanambia?"

"Ungelinyoosha pipa."



"Kama ni kuungua tu, mbona rahisi?" Bwana Mkoba aliingilia haraka. "Tutaunguza. Mtuambie mnataka kiasi gani, na kila chupa itatoka vilevile, haitapungua wala kuzidi."

"Ndiyo maana sisaini," alisema mume wangu.

Bwana Mkoba alikusanya karatasi zake, na ile yenye saini moja isiyofaa kitu, akaaga kwa adabu na kuondoka. Hapo ndipo yakanishinda. Nilimuuliza mume wangu kama mgongo ni wake au wa kuazima. Nilimwambia amekataa kupumzika kwa ajili ya shayiri iliyoungua, na kwamba siku atakayolala moja kwa moja nitamfuta jasho kwa lebo. Nililia pia, sifichi.  Yeye alitaka kuinuka anifuate, akashika meza kwa mikono miwili, akainuka nusu, akakaa. Akajaribu tena.

Wifi alimtazama akiinuka. Kazini humkuta ameshasimama.

"Wifi, ndivyo anavyoinuka?" aliniuliza.

"Kila siku."

 Asubuhi yake wifi alikuja nyumbani kwetu kabla hatujatoka, akamwambia kaka yake upishi utapungua nusu, na asimwone tena karibu na gunia. Mume wangu akaanza kubisha, akaambiwa akabandike lebo.

Magunia tukayashika sisi wawili, wifi upande wa kichwani na mimi wa miguuni. Lile la kwanza lilitushinda katikati ya karakana, tukaliangusha. Wifi aliketi juu yake akihema, jasho limemjaa machoni.

"Alikuwa anabeba peke yake?" aliuliza.

"Peke yake," nilimwambia.