Damu ya Josephat

Wifi yangu Modesta alikuwa nesi kabla hajawa mke wa kaka yangu. Nilikuwa namtania kwamba kaolewa na kazi kwanza, mume kapata makombo, naye anacheka na kunitupia kitenge usoni. Sasa sina wa kumtania.

Kaka yangu Antoni alikwenda vita vya Kagera pamoja na mgambo wenzake wa kijijini kwetu Usagara. Mama yetu alitoa dume la ng'ombe kwa ajili ya jeshi, kama wengine kijijini, na juu yake akamtoa mtoto wake wa pekee wa kiume. Antoni alizikwa hukohuko. Modesta akabaki na mtoto wao Josephat ananyonya, na mama akampenda mkwe wake yule kuliko alivyonipenda mimi. Nasema kweli, na sikuona wivu, maana hata mimi nilimpenda.

Miaka ikapita, biashara ikawa huria, malori ya Uganda yakaanza kupita mbele ya nyumba yetu kana kwamba hapakuwahi kuwa na vita. Mama akisikia honi zao, anaingia ndani.

Mwaka tisini na saba mama akakutwa na uvimbe tumboni. Katika hospitali aliyofanyia kazi Modesta, mjini Mwanza, mgonjwa wa kupasuliwa huchangiwa damu na ndugu zake. Mimi nilikuwa mjamzito, wakanikataa. Josephat akanyoosha mkono, damu yake ikapimwa, ikafaa, ikawekwa kwenye friji. Tukawa tunaiita damu ya bibi. Kila familia pale wodini ilisema hivyohivyo, kana kwamba friji ile ina vyumba na kila ukoo una chake.

Asubuhi ya upasuaji, lori la Mganda likapinduka pale njia panda ya Usagara. Majirani zetu waliokota sabuni zake kwanza, ndipo wakamkumbuka dereva. Alifikishwa hospitali amepauka, paja limepasuka. Modesta mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alipomkata suruali aliona kovu la zamani la risasi, akamwuliza limetoka wapi.

"Vita ya Kagera, sista," yule mtu akajibu kwa Kiswahili kile cha kambini. "Nilikuwa askari ya Amini. Mimi nakufa?"

Daktari akauliza kama kuna damu ya kundi lake. Ilikuwepo chupa moja tu, ile ya bibi, na ufunguo wa friji ulikuwa mfukoni mwa wifi yangu. Angesema hakuna, nani angemlaumu? Lakini mama angeweza kungoja, na yule mtu asingeweza.

"Ipo," akasema.

Kisha akaja wodini mwenyewe kutuambia. Alipiga magoti kando ya kitanda cha mama.

"Mayu, mama yangu, damu yako nimempa mtu aliyekuwa anakata roho. Utapasuliwa keshokutwa. Kundi langu linafaa, nitakutolea ya kwangu."

"Mtu gani?" mama akauliza.

Angeweza kusema "dereva" na kunyamaza. Modesta akasema yote, mpaka kovu.

Josephat alikuwa amesimama dirishani. "Damu ya mtoto wa Antoni, mama? Umempa aliyemuua Antoni?"

"Sijui alimuua nani, mwanangu. Mimi nilimkuta anavuja damu."

"Ungekuwa umemzaa Antoni, ungejua," mama akasema. Hakupaza sauti. Nilitamani angepiga kelele, angemtukana, yaishe.

Modesta akakunja mkono wa gauni lake la kazi, akamnyooshea mama mkono. Mama akavuta shuka hadi kidevuni. Alisema damu ya mkono ule haitaingia mwilini mwake, na kwamba anataka arudishwe nyumbani. Daktari alimbembeleza, padri akaitwa, mimi nililia mpaka nikaishiwa sauti. Aliwaitikia wote kwa heshima na akawakatalia wote, tukamrudisha nyumbani.

Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia Modesta kwa ukweli wake ule usiojua kukaa kimya hata kidogo. Yule Mganda nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Niliporudi hospitali kuchukua vyombo vyetu nilimkuta ukumbini ameegemea magongo, mtu mwenye mvi kunizidi, akaniamkia "shikamoo" kwa woga wa ugenini. Hakujua damu aliyotembea nayo ni ya nani.

Mama alifariki kabla ya mvua za vuli, akiwa na maumivu ambayo sitayasimulia.

Siku ya msiba, wakwe wa ukoo walikuwa wanaleta maji ya kumwoshea, kama ilivyo desturi yetu. Modesta naye akaja na ndoo kichwani, miguu ina vumbi, macho yamevimba. Kina mama wakampisha, kila mmoja akitazama chini. Mlangoni alisimama Josephat, mwanamume pekee aliyebaki katika nyumba ile.

"Mpishe mama yako," nikamwambia.

Aliipokea ndoo kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akaitua chini nje ya kizingiti.

"Shikamoo, nesi," akasema.

Wagonjwa walikuwa wamemwita hivyo maisha yake yote, na alikuwa akiwaitikia. Nilimwona Modesta akitafuta uso wa mwanawe ndani ya uso ule, asiupate.

"Marahaba," akajibu, maana salamu haikataliwi. Halafu akakaa chini palepale, kando ya ndoo yake, nasi tukaingia ndani tukamwosha mama kwa maji ya watu wengine.