Tanuri la Njiapanda

Katika nchi ya Tambarare, sheria zilitungwa bwawani. Mfalme Kiboko alilala majini hadi masikioni, mawaziri wakapiga magoti kwenye tope, na madiwani waliochaguliwa na raia wakasimama juani nyuma yao. Mfalme akipumua kwa nguvu, ilichukuliwa kuwa amekubali. Akizama, baraza limefungwa.

Nyegere alikuwa diwani wa Njiapanda, mji uliozaliwa na reli. Wazazi wake wote wawili walizeekea kwenye karakana ya pale, ambako garimoshi bovu liliingia likikokotwa na kutoka likipiga honi. Kisha Mfalme akaleta garimoshi jipya kutoka ng'ambo ya milima, kwa sharti kwamba likiharibika litatengenezwa na hao hao waliolileta. Karakana ikafungwa. Mafundi wakabaki wakicheza bao kando ya mabehewa yaliyoota majani.

Mwaka hadi mwaka Nyegere alisimama juani na ombi lile lile: karakana ihifadhiwe iwe makumbusho, lakini makumbusho yenye uhai. Tanuri liwake, magarimoshi ya zamani yatengenezwe, vijana wajifunze ufundi, wageni waje watazame. Mwaka hadi mwaka Mfalme alizama kabla diwani hajamaliza kusema.

Halafu, baraza moja, Mfalme akapumua. Nyegere aliporudi Njiapanda alibebwa juu juu kutoka stesheni mpaka nyumbani kwake.

Furaha ile haikudumu. Kazi alikabidhiwa Tausi, Waziri wa Fahari ya Taifa, naye akaja na ndoo za rangi. Mashine za kukerezea vyuma zikapakwa dhahabu. Nyundo zikagandishwa kwa gundi juu ya fuawe, vile vyuma vizito vya kufulia. Mlango wa tanuri ukatiwa kufuli. Mafundi waliajiriwa upya, hilo ni kweli, ila kazi yao ilikuwa kusimama ndani ya ovaroli mpya bila kutikisika, kila mmoja nyuma ya kamba yake, mkono mmoja juu kana kwamba yuko karibu kupiga chuma.

"Tangu asubuhi niko hivi," Ngiri, msimamizi wa mafundi, alimwambia Nyegere bila kushusha mkono. "Mama Diwani, ndicho ulichotuombea hiki?"

Nyegere alikwenda moja kwa moja stesheni. Akarudi bwawani.

"Mtukufu Mfalme," alisema, "niliomba karakana. Nimepewa sanamu."

Tausi akakunjua mkia wake taratibu. "Mheshimiwa Diwani, uliomba ihifadhiwe. Imehifadhiwa. Hakuna chuma kitakachochakaa tena pale, kwa kuwa hakuna kitakachotumika."

"Chuma kisichotumika kinaliwa na kutu."

"Ndiyo maana tumepaka rangi."

Mawaziri wakacheka. Mfalme akainua kichwa kidogo. "Babu zenu waligoma wakilalamikia kazi nzito. Mimi nimewaondolea kazi, nikawaachia heshima. Mnataka nini zaidi?"

"Kazi, Mtukufu."

Mfalme akamtazama kama mtu aliyesikia lugha asiyoijua. Tausi akamsogelea Nyegere, akashusha sauti, na safari hii hakuwa na utani. "Tuambiane ukweli, Mama. Mafundi wakifanya kazi wanakaa pamoja. Wakikaa pamoja wanazungumza. Mgomo ule ulianzia mbele ya tanuri lile lile. Waache wasimame mbalimbali."

Nyegere alipogeuka ili amjibu mbele ya Mfalme, maji yalikuwa yameshajifunga juu ya kichwa cha Mfalme.

Wiki ya ufunguzi wa makumbusho ikafika, na wageni wa kifalme kutoka nchi jirani wakaalikwa. Wiki hiyo hiyo garimoshi jipya, likipeleka mahindi ya njaa kaskazini ambako raia walikuwa wakila magome ya miti, likakwama Njiapanda. Chuma kinachozungusha magurudumu kilikuwa kimekatika vipande viwili. Wenye garimoshi wakajibu kwamba fundi wao atakuja theluji ikishayeyuka milimani.

Nyegere akamwendea Tausi, aliyekuwa mlangoni mwa karakana akipanga viti. "Nipe ufunguo wa tanuri. Kwa leo tu."

"Rangi haijakauka, Mheshimiwa."

"Kuna wanaokufa njaa!"

"Na kuna wageni wanaokuja kesho. Utaratibu ni kuandika ombi, likasomwe barazani."

Nyegere alisimama pale, meno yakimsagika. Akampita Tausi, akaivuka kamba, akasimama mbele ya Ngiri.

"Fundi, shusha mkono."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Diwani hana amri hapa, Mama."

"Najua. Shusha mkono."

Ngiri akaushusha polepole, maana ulikuwa umekufa ganzi. Kisha akaegemeza bega kwenye fuawe, akaing'oa nyundo na gundi yake, na kwa nyundo hiyo akapiga kufuli.

Walifanya kazi mchana ule na siku iliyofuata. Nyegere mwenyewe alibeba makaa mpaka manyoya ya kifua yakaungua. Mfalme alipowasili na wageni wake, hawakukuta sanamu. Walikuta moshi, cheche, mafundi wakiitana kwa sauti, na chuma chekundu kikigeuzwa juu ya fuawe. Wageni wakapiga makofi. Malkia wa jirani akasema hajapata kuona makumbusho ya namna hii.

Mfalme akamtazama Tausi. Tausi akautazama mkia wake.

"Hivi ndivyo nilivyoagiza," alisema Mfalme.

Alasiri ile mahindi yakaondoka kwenda kaskazini. Wageni nao wakaondoka. Na vumbi la misafara yao lilipotua, amri ikatoka bwawani: Nyegere amevuliwa udiwani, na tanuri la Njiapanda lijazwe zege.

Zege lililetwa na Punda, mchukuzi wa serikali. Alikuta mlango wa karakana umejaa. Walikuwepo mafundi, wake na waume zao, wauza chai wa stesheni, hata wale waliodai siku zote kwamba siasa haziwahusu. Mbele yao, kizingitini, alikaa Nyegere, kifua chake kikiwa kimefungwa kitambaa.

"Mama, nimeagizwa nimwage ndani."

"Mwaga. Lakini hatutoki."

Punda akawatazama mmoja mmoja. Nyuma yao tanuri lilikuwa likinguruma.

"Wazazi wangu wako kaskazini," alisema mwishowe. "Yale mahindi yalifika?"

"Yalifika."

Punda akatazama chini, pale mlangoni palipokuwa na dimbwi la matope tangu reli ijengwe. "Hapa pana tope sana," alisema. "Fundi akiteleza na chuma cha moto ni hatari." Akalimwaga zege lote pale, akalisawazisha vizuri, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kule bwawani Mfalme aliuliza moshi ule unaopanda upande wa reli ni wa nini. Mawaziri wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme.